Daraja la Pili na Baraza ya Msikiti

Jumamosi, katikati ya Aprili. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikapiga mabati kama inayodai kitu, ikakatika jua lilipopanda. Baada ya hapo ukabaki mvuke na mbu. Mto umejaa lakini haujatoka.

Naandika leo hii hii kwa sababu kesho nitaanza kujipendelea. Nnajijua. Jambo likishalala kichwani mwangu usiku mmoja, huamka limevaa nguo nyengine. Na skuli niliishia Fomu Tu, kidato cha pili, tena sikuimaliza, kwa hivyo atakayesoma anivumilie nikirudi nyuma na kwenda mbele.

Kwetu ni nje ya mji, njia ya kwendea mashamba. Daraja tulilonalo ni la gari moja moja. Kila asubuhi nalivuka kwenda Mji Mkongwe, ambako nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, na kila jioni nalivuka kurudi. Lori la mchanga likizimika juu yake, wagonjwa wanabaki upande huu na madaktari upande ule. Mara ngapi nimeshuka nikavuka kwa miguu, viatu mkononi, nikafika kazini mashuka ya jana yananingoja. Kwa hivyo sikuwahi kulipinga daraja la pili. Naliweka neno hili mapema, isije ikaonekana nimelitunga baadaye.

Lakini tokea mwanzo sikuwaamini waliokuja kulipanga.

Vijiti vilianza kuonekana baada ya Sikukuu. Vijiti vya mbao vyenye utepe mwekundu, vimechomekwa kutoka ukingo wa mto, vikapita nyuma ya kisima chetu, vikaenda mpaka barabarani. Nilivikuta niliporudi kazini. Dada yangu alikuwa mlangoni anaviangalia, kajifunga kanga kifuani na mikono kiunoni.

"Nani kavileta?" nikamuuliza.

"Watu wawili na mwamvuli. Hawakusalimu."

"Labda walisalimu hukusikia."

"Masikio yangu mazima mie. Mtu mwenye heri angepiga hodi."

Dada ndiye mkubwa wa nyumba. Ni mjane, marehemu mumewe alikuwa fundi mwashi. Nyumba ni ya mama yetu, sote wawili tumezaliwa humo, na hatuna nyengine. Dada hukaanga vitumbua asubuhi pale mlangoni na huwauzia wanaongoja zamu ya kuvuka. Mimi nikiondoka nina mashuka ya watu, yeye anabaki na nyumba. Nikisema nyumba ni yetu sote nasema kweli, lakini yake zaidi.

Siku chache baadaye kijiti cha karibu na kisima kilihama. Kilikuwa upande wa kushoto, kikaonekana kimelala upande wa kulia, nyumbani kabisa. Dada akasema ni mwenye duka.

Huyu mwenye duka anauza saruji, mabati na misumari kule juu ya mto, penye ukingo mrefu. Alikuja kutoka bara akiwa kijana, akaoa hapa, akazeeka hapa. Watu wakitaka kumkasirisha bado humwita mgeni. Kulikuwa na maneno kuwa daraja lina sehemu mbili za kupita, kwake au kwetu, na dada alishakata shauri kwamba anatusukumia sisi. Nami nikaamini. Nilipita dukani kwake wiki nzima bila kugeuza shingo. Kisha jioni moja nikamwona ng'ombe wa jirani kafungwa kwenye kijiti kile kile, anakivuta anakwenda nacho. Nikaona aibu. Lakini aibu yenyewe haikufika mbali, maana nilipoingia ndani nilishaanza kujiuliza ng'ombe yule kafungwa pale na nani.

Haki yake niiandike. Msiba wa mama, turubai lilikuwa lake. Lilikaa siku zote za matanga na hakuja kuliulizia.

Juzi sheha, mkuu wa mtaa wetu, alitangaza mkutano, na leo, mvua ilipokatika, tukakusanyika uwanja wa mbele ya msikiti, ule mdogo wa karibu na mto. Wanaume walikaa kwenye baraza ya msikiti, wanawake tukapewa viti vya plastiki. Injinia alikuwa binti, viatu vya mpira vimejaa tope, na mti mrefu wa kupimia wenye namba. Alitoa shikamoo kwa wakubwa mmoja mmoja. Dada akaitikia marahaba, kisha akaninong'oneza, "Huyu kafundishwa atuanze kwa adabu."

Binti alieleza vizuri, nami nilifahamu, jambo lililonitia wasiwasi, kwa sababu mambo ya serikali siku zote huwa siyafahamu. Alisema daraja hukaa juu ya alama ya maji, yaani pale maji yalipofika siku yalipozidi kabisa. Vitabuni hawana alama ya mto wetu. Kwa hivyo amekuja kuwauliza wenyeji: masika yale makubwa, yaliyochukua daraja la miti, maji yalifika wapi?

Akaendelea. Kama maji yalipanda sana, basi chini huku kwetu, kwenye bonde, patahitaji tuta refu, kazi kubwa, na bora daraja lipite kule juu kwenye ukingo. Hapo duka litaondoka. Kama hayakupanda sana, basi huku chini ndiko kwepesi, tena kumenyooka na barabara. Hapo itaondoka nyumba iliyo nyuma ya kisima. Hakusema nyumba ya nani. Watu wote waligeuka wakatutazama.

Nilitamani asingelieleza. Mtu ukishajua jawabu lako litamvunjia nani nyumba, utajibuje?

Dada aliinuka wa kwanza.

"Maji yalifunika baraza hii," alisema. "Hiyo mliyoikalia. Mie nilikuwa bibi harusi, nimo ndani, nikatolewa kwa kubebwa. Wallahi yalifunika baraza."

Mzee anayeadhini akathibitisha. "Naam. Yalifunika. Viatu tulivyoviacha barazani tuliviokota minazini."

Wengine wakaitikia, hata wale ambao najua hawakuwa wamezaliwa. Nami nilikuwa nakumbuka hivyo hivyo. Nilikuwa darasa la sita. Niliiona baraza haionekani, maji ya rangi ya chai ya maziwa yamefika ukutani. Kwa hivyo nilipoitikia na wenzangu sikusema uongo. Binti akausimamisha mti wake kwenye ukingo wa baraza, akasoma namba, akaandika.

Ndipo mwenye duka, aliyekuwa kakaa mwisho wa baraza chini ya dirisha, akanyoosha mkono.

"Mimi nilikuwa hapa," alisema. "Ndio kwanza nimefika Unguja. Nilisimama mlango huu wa msikiti na maji yalinifika magotini. Kama yangefunika baraza hii si ningekuwa naogelea?"

"Labda ulikuwa mrefu zaidi!" akasema mtu.

"Yakhe, mwaka ule wewe ulikuwa huko kwenu, ulisimuliwa."

"Muulizeni alisimama kwa miguu au juu ya mfuko wa saruji!"

Watu walicheka. Dada alicheka kuliko wote. Mwenye duka akakasirika, akainuka ghafla ili ajibu kwa kusimama, na kichwa chake kikagonga bawa la dirisha lililokuwa wazi. Mlio wake tulioko kwenye viti tuliusikia.

"Hata dirisha linakukatalia!" akasema mzee anayeadhini, na hapo uwanja mzima ukaangua kicheko. Watoto waliokuwa wamekaa ukutani wakaanza kumwigiza, wanapiga vichwa hewani. Mwenye duka alikaa, kashika utosi.

Nilicheka na mimi. Kisha nikaacha.

Nilikuwa nalitazama lile dirisha. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikitumwa kumwita baba msikitini baada ya sala. Nilipanda barazani, nikasimama kwa ncha za vidole, nikashika chuma cha dirisha, ndipo nikaweza kuchungulia ndani. Leo mwanamme mzima akiinuka pale anagonga kichwa kwenye bawa lake, na akikaa, kizingiti cha dirisha kiko begani. Dirisha halikushuka. Kuta za msikiti ule ni za zamani, hazijaguswa. Basi kilichopanda ni nini?

Na nikakumbuka chai. Baada ya masika yale nilikuwa napeleka birika la chai pale msikitini kwa mafundi, na fundi mkubwa alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Alikuwa akijenga. Lakini alikuwa akijenga baraza, au ukuta wa nyuma ulioanguka? Birika nalikumbuka, hata kifuniko chake kilichofungwa kwa uzi. Kazi yenyewe siikumbuki. Huko ndiko kukumbuka kwangu kulivyo, kunaniwekea vifuniko.

Binti akasema atakwenda kupima kule juu, na baada ya alasiri atarudi tuweke saini. Watu wakatawanyika. Mwenye duka alipita karibu yangu bila kunitazama. Nikajiuliza anaona haya, au ananionesha kwamba anaona haya.

Nyumbani nilimkuta dada ameshakaa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Dada, baraza ya msikiti marehemu aliigusa?"

"Marehemu aligusa vingi. Hata masikio yako aliyavuta ulipokuwa mtundu."

"Nakuuliza kweli."

"Nami nakujibu kweli. Nikune nazi au nijibu maswali ya korti?"

Akakuna. Kisha akasimamisha mkono.

"Mie nimeona maji yamefunika baraza. Wewe hukuona?"

"Niliona."

"Basi."

"Lakini baraza ipi, dada?"

"Ile ya msikiti! Kwani msikiti ulikuwa na ngapi?" Akakitupa kifuu ndani ya ndoo. "Tufanye umekwenda kuwaambia. Tutahamia wapi, umeshafikiri? Watatupa kiwanja huko msituni, mie nikawauzie vitumbua kima?"

"Sijasema kuwa nitasema."

"Uso wako ushasema. Wewe toka mdogo uso wako haukai na siri, ndio maana hata mume alikushinda."

Hili la mume si kweli, ndoa yangu haikuvunjika kwa hilo. Nilikuwa natafuta usoni mwake kama anajua. Mimi ninayemtuhumu mwenye duka kwa kijiti alichokivuta ng'ombe, leo namchunguza dada yangu anakuna nazi. Hakusema ndiyo na hakusema siyo. Kama anajua, basi aliapa mbele ya watu huku anajua. Kama hajui, namdhulumu kwa kumdhania. Sikupata njia ya kutoka hapo bila kumkosea mmoja wetu.

Nilikwenda kukaa kisimani. Nikajipa hoja zote za kunyamaza, na zilikuwa nzuri. Alama ikiwa juu kuliko kweli haimzamishi mtu, daraja litakuwa na miguu mirefu tu. Mimi sina hakika. Mzee anayeadhini ana umri kunishinda, naye kasema yake. Mwenye duka anaweza kufungua duka popote, saruji haina kwao. Na nani aliniuliza?

Kisha nikazipindua, kwa sababu nimejizoeza hivyo. Kama ningelikuwa mimi mwenye duka, na yeye ndiye anayejua habari ya dirisha, ningependa akae kisimani anajipa hoja? Yule mtu kasema kitu, kachekwa, kaitwa muongo mbele ya watoto wa mtaa atakaowauzia misumari kesho. Na labda ndiye peke yake aliyesema sawa. Sisemi ni mtu mwema. Alisema vile kwa ajili ya duka lake, kama sisi tulivyosema kwa ajili ya nyumba. Lakini magoti yake ni yake, na maji yalifika pale yalipofika.

Adhana ya alasiri iliponikuta nilikuwa sijaamua bado. Nilisali, nikavaa baibui, nikatoka. Dada hakuniuliza nnakwenda wapi.

Uwanjani walikuwepo sheha, binti injinia, mzee anayeadhini, mwenye duka, na watu wengine si wengi. Nilimwendea binti kwa pembeni.

"Mwanangu, mimi sina hakika na ninalotaka kusema."

"Sema tu, mama."

Sheha alishasogea. "Bibie, kama huna hakika si bora ukae kimya? Tushamaliza hapa."

Maneno yake yalikuwa ya busara, na karibu nikae. Lakini nikaona alivyofunga faili lake kwa haraka, nikashuku, na kule kushuku kukanisukuma. Huenda alikuwa anaogopa mvua tu. Nikaeleza dirisha. Nikaeleza nilivyokuwa nachungulia. Nikasema naona baraza hii si ile, imeinuliwa baada ya mafuriko, na sote tumeapa kwa baraza ya zamani huku tunaonesha mpya. Habari ya chai na ya shemeji niliibakisha. Sina hakika nayo, na si hilo peke yake lililonizuia.

Mwenye duka alinitazama kama mtu aliyepewa kitu asichokiagiza.

"Inaweza kujulikana," alisema binti. "Tubandue plasta kidogo pembeni, tuone chini kuna nini."

"Mnataka kuvunja baraza ya msikiti?" mzee anayeadhini akasema. "Na nani atajenga?"

"Saruji yangu, na fundi juu yangu," akasema mwenye duka, na kabla hatujajibu alishapanda pikipiki kwenda dukani. Alirudi na nyundo na tindo mpya, karatasi bado imegandia. Nikawaza, mbona upesi hivi? Lakini mtu mwenye duka la vifaa tindo angeitoa wapi, kama si dukani?

Mzee akaruhusu, kwa pembe moja tu. Plasta ilikuwa ngumu. Kijana aliyegonga alitoka jasho. Chini yake matofali ya saruji, safu moja, kisha safu ya pili, na chini ya hapo tindo ikabadilisha sauti. Wakakwangua kwa mkono. Kulikuwa na chokaa ya zamani, nyeupe, bapa, imeng'aa kwa makalio ya watu waliokwisha kufa. Ilikuwa ndiyo baraza yenyewe, imelala mle ndani. Binti akaushusha mti wake. Mwenye duka akaenda akasimama mlangoni bila kuambiwa, na kila mtu akaona: chokaa ile ilikuwa chini kidogo ya magoti yake.

"Mie sikusema uongo," alisema mzee anayeadhini. "Maji yalifunika baraza. Baraza ndiyo iliyopanda."

Hakuna aliyecheka. Binti akafuta alichoandika, akaandika upya. Alisema hakijaamuliwa kitu, watakuja wakubwa zake, watapima tena. Lakini wakati anasema alikuwa anatazama upande wa kisima chetu, na sikupenda alivyokuwa anapatazama. Alikuwa anapatazama kama mahali tu, si kama kwa watu.

"Ahsante, dada," mwenye duka akaniambia.

"Usinishukuru. Sikukufanyia wewe."

"Najua," akasema. "Lakini mwengine asingelifanya." Akatabasamu. Tabasamu lile nimelipindua mara nyingi mpaka sasa naandika, na bado sijui kama lilikuwa la mtu aliyefarijika au aliyeshinda. Nikipewa haki ya kuchagua, nachagua la kwanza. Lakini nachagua tu, sijui.

Nilipogeuka kuondoka nilimwona dada. Alikuwa kasimama nyuma kabisa, kanga imefunika mpaka mdomo, na kwa jinsi miguu yake ilivyozama topeni alikuwa pale muda mrefu. Tuliongozana njiani mpaka tukafika penye vijiti.

"Umeona walivyohangaika?" alisema. "Yule kijana kapiga nyundo mpaka mkono umechoka, plasta haitaki kutoka. Marehemu alikuwa fundi."

Nikasimama. "Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua ni kazi yake. Nani mwengine hapa angeweza kupiga plasta ile?"

"Na kuwa iliinuliwa?"

"Mie nilikuwa bibi harusi," akasema. "Sikuwa fundi." Akakikanyaga kijiti kimoja, akakisimamisha tena kwa mguu ule ule, akapita.

Sikuuliza zaidi. Ningeuliza, angejibu, na jibu lolote ningelishuku. Nilimfuata ndani. Aliniuliza kama mashuka ya Jumatatu yatakuwa mengi, nikamwambia sijui, wageni wamepungua kwa ajili ya mvua. Kisha akasema, bila ya kunigeukia, kwamba wakubwa wa yule binti wakija nimwambie mapema, avae vizuri, kwa sababu safari hii atakayezungumza nao kwanza ni yeye.

Tulikula muhogo wa nazi na vibua wa kukaanga. Dada alipakua, akanipa sahani yangu mkononi. Chumvi ilizidi. Tulikula tukamaliza.